Mechi za kompyuta: Soma mkeka kabla ya kuweka dau

MICHEZO ya kubahatisha si jambo geni tena katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kutoka Kigoma hadi Bujumbura, kupitia Nyanza-Lac na Rumonge, ni vigumu kumpata kijana asiyejua maana ya mkeka. Zamani mkeka ulisubiri mwisho wa wiki, timu za Ulaya zikiingia uwanjani. Siku hizi simu ya mkononi huleta mechi usiku na mchana, nyingine za dakika chache tu, na nyingi kati ya hizo hazichezwi uwanjani kabisa. Ni mechi za kompyuta.

Hatuandiki tahariri hii ili kumfundisha mtu kubeti. Wala hatutaki kuchukua kazi ya masheikh, mapadri na wachungaji, ambao wanayo mimbari yao na wameshasema yao. Tunaandika kwa sababu fedha inayoingia katika mechi hizi aghalabu si ya ziada. Kwa mfanyabiashara wa mpakani na kwa ndugu aliyerejea kutoka uhamishoni, fedha hiyo mara nyingi ndiyo mtaji wenyewe.

Mwenye madebe ya mawese Rumonge, mwenye magunia ya ndagala Nyanza-Lac, anayevuka Mugina na Manyovu kufuata bidhaa Kigoma, wote huishi kwa mtaji unaozunguka. Mtaji ukikatika wiki moja, biashara hulala. Aliyerejea hali yake ni nzito zaidi. Wapo ambao familia zao zilikimbia mwambao huu mwaka 1972, wakakulia Ulyankulu, Katumba au Mishamo. Wapo waliokimbia mwaka 2015 na kurudi kwa hiari kuanzia mwaka 2017 kutoka Nduta, Nyarugusu na Mtendeli. Wengi walikuta shamba lina mgogoro au nyumba imeanguka. Mtu wa namna hiyo akipoteza fedha ndogo aliyorudi nayo, hana ng'ombe wa kuuza ili aanze upya.

Ni ukweli usiopingika kwamba michezo ya kompyuta yenyewe si uhuni. Ni michezo inayotambuliwa duniani. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, washindi wa michezo hiyo walivishwa medali. Mashindano ya dunia yaliyofanyika Riyadh, Saudi Arabia, mwaka 2024 yalitoa zawadi za zaidi ya dola milioni 60. Hapa Afrika Mashariki, Mkenya Sylvia Gathoni alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa kwa ustadi wake katika mchezo wa mapigano wa Tekken. Kijana anayecheza kwa ufundi hatuna ugomvi naye. Tunazungumzia anayeweka dau juu ya mchezo asioufahamu.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu anapaswa kulielewa ni kwamba katika skrini moja kuna vitu vitatu vinavyofanana kwa sura lakini havifanani kwa asili. Kipo kwanza kandanda la kweli, lenye watu 22 uwanjani. Kipo pili mchezo wa video unaochezwa na watu: vijana wawili wameketi mahali fulani, kila mmoja ameshika kifaa chake, wanaendesha timu zenye majina ya klabu kubwa, na mechi yao inaweza kwisha kwa dakika 8. Kipo tatu mchezo usio na mchezaji yeyote. Hapo programu ya kompyuta huchagua matokeo kwa bahati, kisha huonyesha picha za watu wanaokimbia ili macho yapate kitu cha kutazama.

Tofauti hii si ndogo. Katika kandanda la kweli unaweza kujua kwamba mshambuliaji ameumia. Katika mchezo wa video unaweza, ukijibidiisha, kujua ni kijana gani hodari kuliko mwenzake. Katika ule wa tatu hakuna cha kujua. Timu iliyopoteza mechi 5 mfululizo haina "hasira" ya kushinda ya 6, kwa sababu si timu. Ni jina tu juu ya namba. Anayeandika matokeo ya mechi hizo katika daftari akitafuta mwenendo anapoteza wino wake bure. Na anayeuza kwa simu "mikeka ya uhakika" ya mechi hizo ni tapeli. Kama angekuwa na uhakika angeweka fedha yake mwenyewe, asingehitaji yako.

Jambo la pili ni aina za dau. Mtu akifungua ukurasa wa mechi moja hukuta mistari mingi, na wengi hubofya bila kujua wameahidiwa nini. Tuzieleze zile kuu, tukichukua mfano wa Counter-Strike, mchezo wa timu mbili za watu watano watano wanaopigana kwa bunduki za ndani ya kompyuta. Timu hizo hupambana katika viwanja vinavyoitwa ramani. Anayetangulia kufikisha ushindi wa raundi 13 ameichukua ramani. Mechi nyingi kubwa ni za ramani 3, na anayetangulia kuchukua 2 ndiye mshindi.

Dau jepesi kuliko yote ni la mshindi wa mechi. Hapa mechi ya ramani 3 haina sare, kwa hiyo machaguo ni mawili tu. Kandanda la video lina sare, hivyo machaguo ni matatu. Mtu aliyezoea moja akaingia katika jingine huweka dau la "kushinda" na sare ikamchania mkeka.

Linalofuata ni hendikapu. Hapa timu yenye nguvu hupunguziwa ili mizani ikaribiane. Ukiona timu imeandikiwa kutoa ramani 1.5, maana yake ni kwamba lazima ishinde 2 kwa 0. Ikishinda 2 kwa 1, timu yako imeshinda lakini wewe umeshindwa. Wengi hulalamika kwamba wameibiwa, kumbe hawakusoma.

Lipo dau la jumla, yaani zaidi ya au chini ya kiwango fulani. Ukichagua "zaidi ya ramani 2.5" unasema ramani ya tatu itachezwa, bila kujali nani atashinda. Ukichagua "zaidi ya raundi 21.5" katika ramani moja, matokeo ya 13 kwa 9 yanakupa ushindi kwa kuwa jumla ni 22, na ya 13 kwa 8 yanakunyima kwa kuwa ni 21. Nusu hiyo imewekwa ili pasiwe na suluhu kati yako na kampuni.

Lipo la matokeo kamili, ambalo katika mechi ya ramani 3 lina njia nne: 2-0, 2-1, 1-2 na 0-2. Lipo la bingwa wa mashindano, ambalo hufunga fedha yako kwa majuma. Mfanyabiashara ajiulize kama mtaji wake unaweza kulala muda huo. Kisha yapo madau ya matukio madogo: nani ataua wa kwanza, nani atashinda raundi ya kwanza. Haya yana mvuto kwa sababu jibu huja haraka. Ndiyo pia yaliyo mepesi kuharibiwa kwa hila, kama tutakavyoonyesha.

Mwisho ni dau la papo kwa papo, linalowekwa mechi ikiendelea. Hapa mtu wa Rumonge ajue kwamba picha anayoiona katika simu huchelewa. Kampuni kubwa hununua taarifa moja kwa moja kutoka katika mitambo ya mchezo, zikawafikia kabla ya picha kukufikia wewe. Kushindana nao ni sawa na kufika sokoni saa nne kununua samaki ambao wenzako wamekwisha kuwanunua alfajiri.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, nacho ni hesabu. Mfanyabiashara wa Mugina hahitaji kufundishwa hesabu hii kwa sababu anaiishi kila siku. Anajua kwamba mbadilisha fedha hanunui shilingi kwa bei ileile anayouzia. Ukibadilisha faranga kuwa shilingi, kisha papo hapo ukazirudisha kuwa faranga, utabaki na pungufu ingawa hakuna aliyekuibia. Tofauti ya bei mbili ndiyo mshahara wa mwenye meza. Kampuni ya kubeti nayo huishi katika tofauti hiyohiyo.

Chukua wachezaji wawili wenye nguvu sawa. Namba ya malipo, ambayo wanaobeti huiita odi, kwa haki ingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni huandika, kwa mfano, 1.85 na 1.85. Weka faranga 1,000 upande huu na faranga 1,000 upande wa pili. Umetoa 2,000. Ashinde awaye yote, utapokea 1,850. Faranga 150 zimebaki mezani. Hiyo ni faranga 7 na nusu katika kila 100, na kampuni haikuhitaji kujua nani atashinda.

Kuna njia rahisi ya kuipima kampuni yoyote. Gawanya 1 kwa kila odi iliyoandikwa, kisha jumlisha. Kwa 1.85 mbili utapata kama 1.08. Kwa mechi ya machaguo matatu yenye odi za 2.10, 3.20 na 3.30 utapata kama 1.09. Kinachozidi 1 ndicho kilicho upande wa kampuni. Ukipima utakuta kwamba mechi kubwa zinazotazamwa na wengi huwa na makato madogo, na kwamba matukio madogo na mechi zisizojulikana mara nyingi yana makato makubwa zaidi. Mteja anavyozidi kukosa taarifa ndivyo anavyozidi kutozwa.

Tatizo huwa kubwa zaidi katika mkeka wa mechi nyingi, ambao ndio unaopendwa. Mechi 5 za odi 1.85 huzaa malipo ya mara 21.67, dau la faranga 1,000 linaahidi faranga 21,670. Inapendeza. Lakini kama kila mechi ni nusu kwa nusu, nafasi ya kuzipata zote ni 1 kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa 32,000. Katika kila faranga 100 zinazowekwa kwa namna hiyo, zinazorudi kwa wateja kwa wastani ni kama 68. Ongeza mechi ziwe 10: ahadi inafika karibu faranga 470,000, nafasi inakuwa 1 kati ya 1,024, na kinachorudi hakifiki faranga 46 katika 100. Hakuna mbadilisha fedha mpakani anayeweza kukata nusu ya fedha ya mteja akabaki na meza yake.

Wapo watakaosema: lakini fulani alishinda. Ni kweli, na ndiyo sababu biashara hiyo inaendelea. Mshindi mmoja hutangazwa mtaa mzima. Waliochaniwa mikeka 1,023 hukaa kimya kwa aibu.

Kasi nayo ina gharama yake. Aliyebeti mechi 3 za Jumamosi alikuwa na siku 6 za kupumua. Mechi za dakika 8 hazimpi mtu nafasi hiyo. Anayeweka faranga 1,000 mara 20 kwa siku, kwa makato tuliyoyataja, hupoteza kwa wastani faranga 1,500 kila siku, ambazo kwa siku 26 ni faranga 39,000. Na huyo ndiye mwenye nidhamu, anayebeti mechi moja moja. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wavuvi wakati wa mbalamwezi, ndagala wasipovutika kwa taa na mitumbwi ikalala. Mwaka 2024, upande wa Tanzania ulifunga uvuvi ziwani kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mtu asiye na kazi mwenye simu mkononi ndiye mteja anayetafutwa.

Juu ya hayo kuna suala la uadilifu wa mechi zenyewe. Mwezi Juni 2013, mchezaji wa Dota 2 kutoka Urusi, Alexei Berezin, aliweka dola 100 dhidi ya timu yake mwenyewe ili apate dola 322. Alifungiwa. Agosti 2014 nchini Marekani, timu ya Counter-Strike ya iBUYPOWER ilijiachia ifungwe kwa ajili ya kamari, na Januari 2015 wachezaji waliohusika walipigwa marufuku. Mwaka 2016 Korea Kusini ilimtia hatiani Lee Seung-hyun, aliyekuwa bingwa wa dunia wa StarCraft II mwaka 2014, kwa kupokea won milioni 70 ili apoteze mechi mbili. Mwaka huohuo kiliundwa chombo cha kimataifa cha kulinda uadilifu wa michezo hii. Kama bingwa wa dunia aliweza kununuliwa, vipi kuhusu vijana wawili wasiojulikana wanaocheza mechi ya dakika 8 usiku wa manane? Mtu wa Rumonge ataujuaje ukweli wao?

Kwa watu wa mpakani kuna tahadhari nyingine. Wengi wana laini za simu za pande mbili. Akaunti iliyofunguliwa kwa laini ya Tanzania hulipa kwa shilingi na hufuata sheria za Tanzania. Ukiwa na malalamiko, mlango wa kugonga ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya huko, siyo ofisi ya tarafa ya Rumonge. Ushindi wako utapita tena mezani kwa mbadilisha fedha kabla ya kufika sokoni, na huko nako utakatwa. Kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu au rafiki ni hatari zaidi, kwani siku ya kulipwa mwenye jina ndiye mwenye haki.

Majirani zetu wameshaanza kuchukua hatua. Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003 na kuipa bodi kazi ya kutoa leseni. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, ilipandisha umri wa kubeti hadi miaka 25. Kenya mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi zikiwamo kubwa, na mwaka 2025 ikapitisha sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Hatua hizi hazikumaliza kamari. Lakini zimekubali kwamba jambo hili ni la serikali, si la mteja peke yake.

Kwa msingi huo, tunazo rai tatu. Kwanza, mamlaka zinazohusika na michezo ya kubahatisha nchini zihakikishe kwamba kila kibanda cha kubeti kinabandika leseni yake mlangoni, na kwamba mtoto haruhusiwi kuingia. Pili, kampuni zilazimishwe kueleza kwa Kirundi na Kiswahili, juu ya mkeka wenyewe, kama mechi inachezwa na watu au na programu, na katika kila faranga 100 ni ngapi hurudi kwa wateja. Mbadilisha fedha huandika bei zake mbili ubaoni. Kwa nini hawa wafiche ya kwao?

Tatu, vikundi vya kuweka na kukopa pamoja na vyama vya wafanyabiashara viweke kanuni ya wazi kwamba fedha ya kikundi, fedha ya bidhaa na fedha ya mkopo haiwekwi dau hata siku moja. Tajiri anayemwachia kijana duka amwambie hivyo mapema, na ahesabu mauzo kila jioni. Familia zilizorejea zikae pamoja, mume na mke, na kukubaliana kila faranga itakwenda wapi kabla ya simu kuwaamulia.

Atakayeamua kubeti pamoja na haya yote, basi na aitenge fedha hiyo kama anavyotenga ya soda: ndogo, ikiisha imeisha, isifuatwe na nyingine. Na aiandike. Kila dau, kila aina, kila matokeo, kwa mwezi mzima. Tunaamini daftari hilo litamshawishi kuliko tahariri yoyote. Wahenga walikwishasema: mali bila daftari huisha bila habari.